Dar imejaa sauti, riwaya zake zimenyamaza

Watu wengi waliokulia Dar es Salaam miaka ya 2000 wanamkumbuka vizuri msimulizi wa kwanza waliyemlipia kiingilio. Ni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilitoka kwenye televisheni za vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea filamu, huku filamu ya Kihindi, ya Kichina au ya Kimarekani ikiendelea. Waliokaa kwenye mabenchi hawakuielewa lugha ya filamu. Lufufu aliwasimulia kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, peke yake: yeye ndiye jambazi, yeye ndiye polisi, yeye ndiye mama anayemlilia mwanawe, na picha ilipotulia kidogo yeye ndiye aliyewaeleza watu kwa nini yule jamaa kanuna. Kanda zake, na baadaye CD na DVD, ziliuzwa Kariakoo zikasambaa mikoani. Uganda kazi hiyo wanayo akina VJ Jingo, Kenya wanaye DJ Afro.

Kazi ile haikuwa na chuo. Aliyeifanya alikuwa mtu aliyependa sauti za watu tangu utotoni, akaziiga, akagundua kuwa anaweza kuzifufua bila karatasi. Watu wa namna hiyo wapo wengi mno katikati ya jiji hili, na makala haya yanadai jambo moja kwa niaba yao: wapewe vitabu wavisome kwa sauti, walipwe, na waandishi nao walipwe. Sauti tunazo. Riwaya tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa kuzikutanisha kwa mkataba.

Mapenzi ya sauti mjini hapa ni ya zamani kuliko vibanda umiza. Kituo kilichoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam kuanzia 1965, kilikaa miaka mingi bila mshindani Tanzania Bara. Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa redio binafsi, na Radio One ikaingia hewani 1994. Kabla ya hapo mtoto wa Mtaa wa Sikukuu na mtoto wa Kasulu walilala wakiwa wamesikia sauti zilezile: David Wakati, Sarah Dumba, Julius Nyaisanga, na Deborah Mwenda katika Mama na Mwana. Mzee Jangala, yaani Bakari Mbelemba, aliwachekesha watu ambao hawajawahi kuiona sura yake. Pwagu na Pwaguzi walijulikana hivyohivyo, kwa sauti tu.

Kariakoo ilikuwa na sababu ya ziada ya kutega sikio. Simba wana makao yao Msimbazi, Yanga wako Jangwani, mwendo mfupi kwa miguu. Mtoto asiye na hela ya kiingilio aliisikiliza mechi kwa Ahmed Jongo au Charles Hilary, na kesho yake kwenye chandimu alikuwa pembeni ya uwanja na gunzi la hindi mkononi, akitangaza. Halima Mchuka alipoanza kutangaza mpira redioni, wasichana nao wakapata wa kumuiga. Charles Hilary alipofariki Mei 2025, watu walimkumbuka kwanza kwa ile sauti, kabla ya vyeo alivyowahi kushika. Kuna mafundi simu, makonda na walimu wa shule za msingi mjini hapa ambao hadi leo wanaweza kukutangazia dakika tano za mechi ya zamani kwa sauti ya marehemu, pumzi na yote.

Mafunzo mengine yalipatikana bila mtu kuyaita mafunzo. Mtoto wa madrasa anafundishwa tajwidi: pa kuvuta, pa kukata, herufi itoke wapi kooni, pumzi ibebe maneno mangapi kabla ya kusimama. Mtoto wa kwaya anafundishwa kusikiliza wenzake na kutotangulia. Washairi waliendelea kughani, akiwemo Amiri Sudi Andanenga, aliyejiita Sauti ya Kiza. Na barabarani kuna wapiga debe na wamachinga wanaojirekodi bei zao na kuziacha zijirudie kwenye spika kutwa nzima. Ukipita Mtaa wa Kongo asubuhi, msikilize mmoja tu kwa makini. Utamkuta amepandisha sauti kwenye bei, ameshusha kwenye jina la bidhaa, ameacha nafasi ndogo ili mpita njia ageuke. Hiyo ni kazi kamili ya sauti.

Tena nchi hii ina ushahidi wa kitafiti kwamba hadithi ya kusikiliza inafanya kazi. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio uliobuniwa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Mhusika wake maarufu, Mkwaju, alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake njiani kote. Aliishia kuugua UKIMWI, na mkewe Tunu akajifunza kujitegemea. Mkoa wa Dodoma haukurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, ili watafiti wapate pa kulinganishia. Matokeo yaliyochapishwa 1999 na kina Everett Rogers na Peter Vaughan yalionyesha kuwa matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule mchezo uliposikika, na Dodoma nako yakapanda baada ya mchezo kufika. Waigizaji wachache, studio moja ya Barabara ya Pugu, hadithi nzuri, na watu wakabadilisha mambo ya chumbani kwao. Sasa fikiria sauti kama zile zingepewa riwaya nzima.

Riwaya zenyewe hazihitaji kutafutwa kwa tochi. Faraji Katalambulla aliandika Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimpeleka mpelelezi wake Willy Gamba kila pembe ya Afrika, na Ben Mtobwa akaandika Dar es Salaam Usiku. Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Adam Shafi alitupa Kasri ya Mwinyi Fuad, kisha Vuta N'kuvute, ambayo Amil Shivji aliigeuza filamu mwaka 2021. Abdulrazak Gurnah alipata Tuzo ya Nobel mwaka huohuo, na riwaya yake ya Paradise ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikawa Peponi, ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Ukiingia TPH Bookshop, Barabara ya Samora, utakuta rafu za vitabu vya Kiswahili vya kununua na kwenda navyo nyumbani. Rekodi halali ya kitabu kama hicho, iliyosomwa na mtu aliyelipwa na kuidhinishwa na mwandishi, ni kitu adimu kuliko inavyostahili lugha yenye wasemaji wengi namna hii.

Wenzetu wa lugha nyingine walianza zamani. Marekani na Uingereza ziliingiza vitabu kwenye santuri katikati ya miaka ya 1930, kwanza kwa ajili ya wasioona, wakiwemo askari waliopofuka vitani. Mwaka 1952 kampuni ya Caedmon ya New York ilianza kuuza sauti za washairi kwa watu wote. Audible ikaanzishwa 1995, Amazon ikainunua 2008, na leo kusoma kitabu kwa sauti ni ajira yenye mikataba, vyama na tuzo. Msomaji hulipwa kwa kila saa ya sauti iliyokamilika, yaani saa atakayoisikia mteja, hata kama yeye ametumia saa tatu kuipata.

Hapa vijana hawakungoja. Jamal April ameifanya The Story Book ya Wasafi kuwa kipindi cha kusikilizwa hata na watu wasioangalia picha, na Ananias Edgar amejenga jina kwa simulizi zake za YouTube. Nyuma yao kuna kundi kubwa la wasomaji wadogo wadogo wanaosoma hadithi sehemu ya kwanza, ya pili, ya hamsini, msikilizaji akiwa anafua, anapika au anasinzia. Hiyo ni heshima kwao. Wamethibitisha kwa vitendo kuwa Mtanzania anayeambiwa hapendi kusoma anaweza kukaa saa mbili na hadithi sikioni.

Hata hivyo kusimulia na kusoma kitabu ni kazi mbili, na anayezichanganya anamwonea mwandishi. Lufufu alikuwa na ruhusa ya kuongeza chumvi, kumpa Mmarekani jina la mtaani, kuchekesha pale ambapo filamu ilikuwa inalia. Msomaji wa kitabu hana ruhusa hiyo. Kila nukta ni ya mwandishi. Mtangazaji wa habari naye ana kasoro yake: sauti ya taarifa, iliyonyooka na yenye mamlaka, inaweza kuiua riwaya kabla ya ukurasa wa kumi, kwa sababu kila sentensi inatoka kama tangazo la serikali. Na huu muziki wa kutisha unaowekwa chini ya maneno mwanzo hadi mwisho kwenye rekodi nyingi za mtandaoni unapaswa kuondolewa. Mwandishi mzuri ameshaweka woga ndani ya sentensi.

Chukua Rosa Mistika. Zakaria, baba mlevi, anampiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana. Msomaji mchanga atapayuka. Aliyekomaa atashusha sauti, kwa kuwa mlevi anayeongea polepole mbele ya watoto wake anatisha kuliko anayefoka, na atabakiza nguvu kwa ajili ya Regina, mama ambaye hana pa kwenda. Je, amtamkishe Zakaria lafudhi ya Ukerewe? Kidogo tu, kiasi cha kumfanya msikilizaji ajue tuko kisiwani, bila kumgeuza Mkerewe kichekesho. Vuta N'kuvute ni mtihani mgumu zaidi. Yasmin ni binti wa Kihindi wa Unguja, Mwajuma ni mwanamke wa mjini mwenye maneno yake, Denge ni mwanaharakati aliyesoma. Msomaji wa Bara akikosea Kiunguja cha Mwajuma, wasikilizaji wa Ng'ambo watazima simu. Kazi hiyo inataka wiki ya maandalizi: kusoma kitabu chote kwanza, kuandika orodha ya wahusika na sauti zao, kumpigia mwenyeji simu kuuliza jina linatamkwaje.

Kisha kuna chumba. Katikati ya Kariakoo, kwenye ghorofa zilizobanana, studio nyingi ni chumba kimoja chenye magodoro ukutani na kapeti sakafuni. Feni inazimwa, kwa sababu maiki inaisikia. Kiyoyozi kinazimwa pia. Msomaji anasoma akiwa ametoka jasho, shati jepesi lisilochakarisha, kikombe cha maji ya uvuguvugu pembeni, tumbo likiwa limeshiba kiasi ili lisingurume. Jenereta la jirani likiwashwa, kazi inasimama. Adhana ikianza, kazi inasimama, na ni sawa. Wengi wanarekodi usiku baada ya saa tano, maduka yakiwa yamefungwa na bajaji zimepungua. Akikosea neno anarudi mwanzo wa sentensi, kwa pumzi ileile na umbali uleule kutoka kwenye maiki, ili kiungo kisisikike. Baadaye mtu mwingine anasikiliza yote tena, kitabu mkononi, akitafuta neno lililorukwa.

Hesabu yake si ndogo. Riwaya ya maneno 60,000 inazaa saa saba au zaidi za sauti. Kila saa iliyokamilika inakula saa mbili au tatu kwenye maiki, halafu kuhariri. Kwa mtu mmoja hiyo ni wiki mbili za kazi ya kweli, na koo lina kikomo chake kwa siku. Anayemwambia kijana mwenye sauti nzuri asome kitabu kizima ili apate jina anamnyonya, hata kama hakusudii.

Mwandishi ananyonywa kwa njia nyingine. Riwaya zinasomwa mtandaoni bila mwenyewe kuulizwa, matangazo yanaingiza fedha, na jina la mtunzi wakati mwingine halitajwi kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko wazi: kazi inalindwa katika maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Musiba alifariki 2010 na Mtobwa 2008, kwa hiyo haki za vitabu vyao zitakuwa hai kwa miongo kadhaa ijayo, na anayetaka kuvisoma anapaswa kugonga mlango wa wenye haki hizo. Sheria hiyohiyo inamlinda msomaji pia, kwa kuwa uwasilishaji wake una hakishiriki. Rekodi yake haipaswi kukatwa na kupandishwa na mtu mwingine. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ingeweza kusaidia sana kwa kutoa mkataba mmoja mfupi wa mfano, wa Kiswahili, unaomhusu mwandishi, msomaji na mchapishaji. Vijana wengi hawaibi kwa ubaya. Hawajui wamwendee nani, na hakuna karatasi ya kusaini.

Soko lipo, na njia ya kufika sokoni iko Kariakoo tayari. Saa moja ya sauti ya maneno, ikibanwa vizuri, inachukua takriban megabaiti 29. Riwaya ya saa saba inakaa kwenye megabaiti 200 hivi, wakati video ya saa moja peke yake inaweza kula zaidi ya hapo. Kwa mtu anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ni kubwa. Na asiyetaka bando anaweza kwenda kwa wale vijana wenye kompyuta mezani, wanaoweka nyimbo, mawaidha na filamu kwenye flashi na memori kadi za wateja. Wanajua bei, wanajua wateja, wanajua nini kinaulizwa. Mchapishaji makini angekaa nao akaafikiana gawio, kitabu kimoja kwa bei ya soda mbili tatu, na kila kadi ikiwa na jina la mwandishi na la msomaji. Dereva wa lori la kwenda Tunduma angebeba Willy Gamba njia nzima.

Wapo pia watu ambao kwao jambo hili haliwezi kuahirishwa. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, Ilala, mwendo mfupi kutoka Soko la Kariakoo, inasomesha watoto wasioona pamoja na wenzao. Kitabu kimoja cha kawaida kikiandikwa kwa nukta nundu kinaweza kuwa majuzuu kadhaa makubwa, ghali kuchapa na mazito kwa mtoto kubeba. Watoto hao wakifika sekondari watakutana na Takadini na Watoto wa Mama N'tilie, vitabu vilivyokaa kwenye orodha ya fasihi kwa miaka mingi. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2020, mkataba unaoruhusu vitabu kutengenezwa kwa njia inayofikika na wasioona, ikiwemo sauti, bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki. Ruhusa ya kimataifa tunayo. Rekodi ndizo hazijatosha.

TBC, shirika la utangazaji la taifa lililorithi studio na kanda za Radio Tanzania, inarusha hadi leo Wosia wa Baba, kipindi cha hotuba za Mwalimu Nyerere, na watu waliozaliwa baada yake kufariki mwaka 1999 wanaijua sauti yake kwa sababu hiyo. Shirika hilo lina vyumba vilivyojengwa kuzuia kelele, mafundi mitambo, na baadhi ya waigizaji wa michezo ya redio ambao bado wako hai na koo zao bado zinafaa. Halijaombwa kujenga kitu kipya.

Kwa hiyo ombi ni dogo na linaweza kutekelezwa mwaka huu. Mkuki na Nyota na wachapishaji wenzao wachague riwaya tatu, wakianza na zilizomo kwenye mtaala wa sekondari. TBC itoe studio saa za usiku. Wasomaji wafanyiwe usaili wa wazi Mnazi Mmoja, kwa sauti tu, bila kuangaliwa vyeti, na mpiga debe aruhusiwe kupanga foleni na mhitimu wa uandishi wa habari. Malipo yaandikwe kabla maiki haijawashwa, na nakala ya kwanza ya kila rekodi ipelekwe Uhuru Mchanganyiko bila malipo.